Safu Niliyoiongeza Katika Daftari la Vitabu

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 31, na katika 14 ya mwisho, nikiwa mjini Tanga, mimi ndiye niliyeshika funguo za kabati la vitabu. Sisemi maktaba, kwa sababu hatukuwa na chumba cha kukiita hivyo. Tulikuwa na kabati la mninga lenye milango miwili, lililosimama nyuma ya meza yangu katika ofisi ya walimu, na ndani yake mlikuwa na vitabu visivyofika 300, vingine vimeguswa na mchwa na vingine havijawahi kufunguliwa tangu vilipotoka kwenye maboksi. Juu ya kabati lilikaa daftari kubwa la jalada gumu, na humo niliandika jina la mtoto, darasa lake, kitabu alichoazima na tarehe aliyokirudisha. Nilipostaafu niliomba nipewe daftari la kwanza, ambalo lilikuwa limejaa zamani na halina kazi tena, na mwalimu mkuu akanikubalia. Ninapolipitia leo naona kwamba kwa miaka mingi sikuwa nikiwapendekezea watoto vitabu. Nilikuwa nikiwagawia, kama mganga aliyekwisha kuamua dawa kabla hajamsikiliza mgonjwa anaumwa wapi.

Ushahidi umo katika tarehe. Kitabu kiliazimwa Jumatatu na kurudishwa Jumanne, kingine kiliazimwa Alhamisi na kurudishwa Ijumaa, na mimi kwa wakati huo nilifurahi nikidhani nina wasomaji wenye kasi. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtoto anayerudisha kitabu siku ya pili, kikiwa safi, bila kona iliyokunjwa wala doa la mafuta ya taa au la mchuzi, mara nyingi hakukisoma. Alikibeba nyumbani kwa heshima ya mwalimu, akakiweka juu ya meza, kisha akakirudisha kwa heshima ileile. Watoto wetu wana adabu, na adabu hiyo inaweza kumficha mwalimu ukweli kwa miaka.

Mfano unaonikaa moyoni ni wa mvulana wa darasa la sita, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, ambaye niliamua kumpa Adili na Nduguze. Kwangu uamuzi huo ulikuwa hauna mjadala. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, si mbali na mji wetu, mwaka 1909. Kitabu kilitoka mwaka 1952 na wazazi wetu walikisoma. Kiswahili chake ni cha kujifunzia. Na jina lenyewe linatangaza maadili. Nilimwambia, "Mwanangu, kitabu hiki kitakufundisha tabia njema." Alikipokea kwa mikono miwili, akakirudisha kesho yake. Nilipomuuliza amejifunza nini, alijibu, "Nimejifunza tabia njema, Mwalimu," na sikuwa na la kuongeza, kwa sababu nilikuwa nimempa jibu kabla ya kumpa kitabu. Nani atakayeanza safari ya kurasa nyingi kutafuta kitu alichokwisha kukabidhiwa mlangoni?

Karibu mwaka mzima ulipita kabla sijakifungua tena kitabu hicho mbele ya wanafunzi. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha sana na mwenzangu wa kipindi kilichofuata hakuweza kufika, basi nikachukua nakala ileile, nikawasomea kwa sauti. Niliwasomea jinsi Ikbali alivyotumwa na Mfalme Rai kufuatilia kodi ya Janibu, jinsi alivyopokewa vizuri na liwali Adili, na jinsi usiku alivyomwona mwenyeji wake huyo, mtu aliyesifiwa kwa wema, akiamka na kwenda kuwapiga mijeledi manyani wawili. Kengele ikalia nikiwa hapo. Nilifunga kitabu kwa sababu ya kengele tu, wala sikuwa na hila yoyote, lakini darasa zima lilikataa kuinuka. Walitaka kujua kwa nini mtu mwema anawapiga wanyama gizani, na kwa nini baada ya kuwapiga anawasikitikia. Jioni ile watoto 6 walikuja mezani kwangu kukitaka kitabu kimoja, na mmoja wao alikuwa mvulana wangu wa mwandiko mzuri. Safari hii alikaa nacho siku 16. Kiliporudi, jalada lilikuwa limelegea, na yeye hakungoja nimuulize amejifunza nini. Aliniuliza yeye kama ni haki kumsamehe ndugu aliyekutupa baharini.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya kazi niliyodhani naijua. Kitabu kilikuwa kilekile na mtoto alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza nilimpa jibu, na mara ya pili alichukua swali. Na swali lile sikulitengeneza mimi. Shaaban Robert alikwisha kulipanga vizuri, kama wasimulizi wa Alfu Lela Ulela walivyolipanga kabla yake, kwa kuwa hadithi hii ina shina lake huko, ambako ndugu wanaochapwa ni mbwa badala ya manyani. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha mtoto hadi kwenye swali kisha nimpishe njia.

Tangu siku hiyo niliacha kusema kitabu fulani kinafundisha nini. Nilijaribu kumjua kwanza mtoto anajiuliza nini, na hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mtoto haji mezani kwa mwalimu kutangaza yanayomkereketa. Anakuja kusema, "Shikamoo Mwalimu, naomba kitabu." Ukimuuliza anataka kitabu gani, atajibu, "Chochote." Neno hilo nililisikia mara nyingi mno, na kwa muda mrefu nililichukua kwa maana yake ya wazi. Baadaye nilijifunza kuuliza mambo mengine: jana ulicheza nini, nyumbani nani anakusimulia hadithi, ni kitu gani uliwahi kukiona ukashindwa kukieleza. Katika majibu hayo, hasa la mwisho, ndimo kitabu kilimokuwa kimejificha.

Palikuwa na mtoto wa darasa la nne, mdogo kuliko wenzake wote, ambaye kwenye mstari wa asubuhi alisimama mbele daima kwa sababu mstari ulipangwa kwa kimo. Sikuwa nimewahi kufikiri kumpa Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2015, ambayo niliinunua kwa fedha yangu nilipokwenda Dar es Salaam. Nilikuwa na shaka na kitabu hicho. Nilijiambia kwamba ni hadithi ya Uingereza ya mwaka 1865, yenye michezo ya maneno ya kwao, na kwamba mtoto wa Ngamiani, hapa mjini kwetu, hatapata pa kushika. Mtoto yule alikiona juu ya meza yangu, akatazama picha, akauliza kwa nini msichana huyu yuko mkubwa hapa na mdogo pale. Nilimwambia kwamba anakunywa na kula vitu vinavyomkuza na kumpunguza, na kwamba kila mara anapofikia kimo kimoja anatamani kingine. Alikiazima mara tatu katika muhula mmoja. Sikumwambia kamwe kwamba najua kwa nini anakipenda, wala yeye hakuniambia, na naamini ukimya wetu wote wawili ulikuwa sehemu ya kukisoma. Mashaka yangu juu ya vitabu vya kutafsiriwa hayakwisha yote, kwa maana zipo tafsiri ambazo sentensi zake zinatembea kwa kuchechemea na mtoto huchoka kabla ya mwalimu, lakini niliacha kuamini kwamba kitabu cha mbali ni lazima kiwe mbali na mtoto.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la upande wa pili, la kudhani kwamba kitabu kinachofanana na maisha ya mtoto ni lazima kimfae. Bado linaniuma, na ninalieleza kwa kirefu kwa sababu walimu na wazazi wenye nia njema hulirudia kila siku. Msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa binti wa mama lishe aliyepika karibu na kituo cha mabasi. Aliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, akakaa siku kadhaa, kisha akarejea kimya. Nami nilikuwa nimetoka kusoma Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo, ambacho watoto wake, Peter na Zita, wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na mama yao anahangaika na biashara ya chakula huku mume wake akimaliza fedha kwenye pombe. Niliona nimepata kitabu chake. Nilimwita mbele ya wenzake, nikakinyanyua, nikamwambia kitamtia moyo.

Jina la kitabu lilikuwa kwenye jalada kwa herufi kubwa, na darasa zima lililisoma. Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini niliona macho yakihama kutoka kwenye jalada kwenda kwa msichana na kurudi kwenye jalada. Alikipokea, akasema ahsante, na kwa mwaka uliobaki hakuazima tena kitabu hata kimoja. Jina lake katika daftari linaishia mstari huo. Mimi nilidhani namwonyesha kwamba hayuko peke yake. Yeye aliona mwalimu wake amemnyooshea kidole hadharani na kumwita kwa shida ya mama yake. Kitabu chenyewe hakina kosa lolote, ni kitabu cha huruma na cha kweli, na nimewaona wengine wakikisoma kwa machozi. Kosa lilikuwa la mkono uliokitoa na mahali ulipokitolea. Mtoto ana haki ya kukutana na maisha yake ndani ya kitabu akiwa peke yake, kwa wakati anaoutaka, akijua kwamba hakuna anayemtazama usoni kuona kama ameguswa. Baada ya hapo vitabu vya namna hiyo nilivipanga katika rafu ya kati, inayofikika bila kuomba, na sikuvitaja majina mbele ya darasa. Viliazimwa kuliko nilivyotarajia, mara nyingi na watoto ambao sikuwafikiria kabisa.

Kwa wale waliokuwa bado wanapambana na herufi mambo yalikuwa mengine. Tangu mtaala wa KKK uanze mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili lilielekezwa zaidi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na nilipokea darasa la tatu watoto waliojua kutamka silabi vizuri, ila wakifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kuwatoka. Mtoto wa hali hiyo hahitaji kitabu chenye mawazo mazito. Anahitaji kitabu anachoweza kukimaliza. Hapa vilinisaidia sana vile vitabu vyembamba vyenye picha nyingi na maandishi makubwa, vikiwemo vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa nchini mwaka 1991, na nitaushukuru daima kwa kuwa uliwapa waandishi wa Kitanzania sababu ya kuwaandikia watoto wadogo. Kwa wakubwa kidogo walioona aibu kubeba kitabu cha picha, niliwapa Hekaya za Abunuwasi. Kila kisa kinakwisha kwa kikao kimoja, mjanja anamshinda mkubwa, na mvulana wa miaka 12 aliyechelewa kusoma anaweza kukisimulia uwanjani bila mtu kujua kwamba alikisoma kwa kufuata mstari kwa kidole.

Katika mwaka wangu wa sita na kabati nilichukua rula, nikachora safu ya tano katika daftari. Juu yake niliandika neno moja: Swali. Nilimwambia kila anayerudisha kitabu kwamba simwulizi kisa wala fundisho, lakini kama kuna jambo amelibakiza kichwani, aliandike. Asiyekuwa nalo aliacha wazi, na sikumlaumu. Aliyekiacha kitabu katikati niliruhusu aandike kwa nini alikiacha, na hilo nilitetea mbele ya wenzangu kadhaa walioona nawalea watoto katika uvivu. Mimi naona mtoto aliyeruhusiwa kukiacha kitabu kimoja bila kuogopa atathubutu kukijaribu kingine, ila aliyelazimishwa kukimaliza kimoja anaweza asishike cha pili maishani. Safu hiyo ilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Mtoto mmoja aliandika, "Kwa nini wanyama kwenye hadithi wanajua kusema na ng'ombe wetu hajui?" Mwingine aliandika, "Huyu mtu aliandika kitabu akiwa anafanya kazi gani?" Hilo la pili lilinifanya niwaeleze kwamba Shaaban Robert alikuwa karani serikalini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na nikaona nyuso zikibadilika, kwa kuwa karani ni mtu wanayemjua.

Kulikuwa na jambo moja ambalo safu hiyo haikuweza kulitibu. Mtoto wetu anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha anaingia kidato cha kwanza na masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Wengi walionijia wakati wa likizo yao ya kwanza walikuwa wameacha kusoma hadithi. Vitabu vya Kiingereza vilikuwa vigumu mno kwao, na vya Kiswahili waliviona ni vya utotoni, au ni vya mtihani. Kwa umri huo, kati ya miaka 13 na 16, kabati langu lilikuwa karibu tupu, na nililazimika kutafuta mwenyewe.

Nilipokwenda Mombasa kwenye harusi ya mpwa wangu nilinunua Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, ambayo vijana wengi wa Kenya waliisoma shuleni. Sikununua kwa sifa zake huko. Nilinunua kwa sababu nilifungua kurasa za mwanzo dukani nikakuta Tanga. Kijana anayeitwa Kongowea Mswahili anaanzia maisha mjini kwetu, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, na baadaye anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Nilisimama pale dukani nikijiuliza jinsi mwandishi wa Kenya alivyoweza kukizungumzia Kiswahili na mji wetu kwa mapenzi namna ile.

Niliporudi nilikiweka mezani bila kusema neno. Alikuja msichana niliyemfundisha, sasa yuko kidato cha pili, anayeishi na bibi yake. Nilijua kidogo habari za kwao na, kwa kumbukumbu ya yule binti wa mama lishe, sikumpa kitabu. Niliendelea kusahihisha madaftari. Alikifungua, akasoma akiwa amesimama, akageuza ukurasa, kisha akauliza, "Mwalimu, hiki ni cha nani?" Nikamwambia ni changu, na kwamba akipenda anaweza kukiandika katika daftari la kabati kama vingine.

Baada ya wiki mbili alirudi bila kitabu. Alikuwa na swali ambalo hakutaka lisubiri: je, ni kweli palikuwa na wanawake waliokuwa waimbaji wa taarabu hapa Tanga, au mwandishi amebuni? Nilimweleza nilivyokua nikisikia habari za Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoipeleka taarabu ya Tanga mbali, na sauti ya Shakila iliyotoka katika redio za majirani wakati sisi tukichota maji jioni. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mtoto, sikuyaona mengi, lakini bibi yake huenda aliyaona. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia bibi yake aliwahi kuishi mwezini.

Wiki ya nne nilikutana na bibi mwenyewe sokoni. Tulisalimiana, tukaulizana hali, kisha akanishika mkono akasema kwamba mjukuu wake sasa anamsomea kitabu kila usiku baada ya sala ya isha, kurasa mbili au tatu, kwa sababu macho yake hayaoni tena maandishi. Alisema mara kwa mara anamkatiza ili amweleze mtaa ulivyokuwa, nani aliimba katika harusi gani na alivaa nini, na kwamba kwa sababu hiyo kitabu hakiendi mbele upesi. Aliniomba radhi kwa kukichelewesha. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Mstari ule ninao mbele yangu ninapoandika haya. Jina lipo, darasa lipo, jina la kitabu lipo. Safu ya tarehe ya kurudisha iko wazi, na katika safu ya tano, kwa mwandiko wa msichana, aliyekuja siku moja kuniomba kalamu bila kuleta kitabu, kuna swali hili: "Bibi aliacha lini kuimba?"